Rimoti Iliyofanya Kazi Kibandani

Kabla hujaifungua rimoti, inuse. Sifanyi mzaha. Chai ya maziwa ina harufu yake ikishakaa kwenye raba wiki mbili, soda ina yake, na mkojo wa mtoto sitaki hata kuueleza. Mteja atakuja amekunja uso akuambie, "Iliacha tu, fundi, sijui ni nini," na wewe ukishanusa utajua uongo huo una vijiko vingapi vya sukari. Usimwaibishe. Ifungue, osha raba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, futa bodi kwa spiriti, anika kivulini, rudisha. Ikikubali, mwambie ilikuwa vumbi. Watu wanapenda sana kuambiwa ni vumbi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaokaa kwenye vibanda vya kutengeneza simu na televisheni, kuanzia Mathare hadi huku kwetu mtaa wa Fedha. Wengi wenu mnaniita guka, babu kwa Kikuyu, ingawa mimi ni Mkamba na nimewaambia mara nyingi, basi nimekubali. Kazi nimeiacha. Pale palipokuwa kibanda changu sasa panauzwa mayai ya kuchemsha na soseji za smokie, na sina kinyongo, watu lazima wale. Mimi niko nyumbani na magoti yangu mawili, na nina muda mwingi wa kufikiri kuliko ninavyoutaka.

Mnanicheka kwamba nilitumia miaka yangu yote kwenye rimoti. Siku hizi, mnasema, televisheni inaamrishwa kwa simu. Ni kweli, na mwisho wa rimoti mimi sitauona lakini ninyi mtauona. Hata hivyo bado zinaletwa, na bado mnazikosea, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Anza na mawe yake. Kuna watu wanaoanika betri juani juu ya mabati wakidhani zitafufuka. Nimewahi kumkuta mama amezipanga kwenye ungo mmoja na mboga za kukausha. Mpe pole, mwekee mpya, kisha uangalie zile springi ndogo. Zikiwa na kutu ya kijani, zipake siki kwa pamba na uzikwaruze taratibu. Kitufe kimoja kikikataa na vingine vinakubali, raba imechoka hapo. Kata kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kigandishe chini ya kitufe hicho, na mteja atadhani umemwekea rimoti mpya. Ikiwa imeanguka kwenye sakafu ya simiti na imekufa kabisa, usihangaike na raba, tafuta kijiwe kile kidogo cha mapigo kwenye bodi. Huvunjika ndani na nje kikaonekana kizima.

Halafu ipime. Elekeza taa ya mbele kwenye kamera ya simu, bonyeza. Ukiona mwanga wa zambarau unapepesa, rimoti inazungumza. Kamera ya nyuma isipouona, jaribu ya mbele. Lakini mjue kwamba kamera itakuonyesha kama rimoti inazungumza, haiwezi kukuonyesha kama kuna anayeisikia. Hilo nilifundishwa mapema na nikalisahau uzeeni, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Aliyenifundisha ni Mzee Wafula. Alikuwa na meza yake Gikomba, katikati ya maseremala waliokuwa wakitengeneza makabati ya televisheni, yale yenye milango na kufuli, maana zamani televisheni ililala imefungiwa kama pesa ya kanisa. Nilikwenda kwake baada ya kushindwa na kazi ya baba yangu ya kuchonga vinyago. Twiga wangu wote walitoka wanafanana na mbuzi. Wafula alinitazama mikono akasema, "Hii mikono haina haraka. Kaa hapo." Nikakaa miaka sita.

Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka Mathare akisema televisheni yake inakuwa kiziwi kila alasiri. Asubuhi inasikia rimoti, jioni inasikia, lakini saa kumi, bonyeza utakavyo, kimya. Mchungaji alishaiombea. Mimi nilikuwa nimefungua rimoti mara tatu nikaisafisha mpaka ikang'aa, na kibandani ilifanya kazi kila saa. Nikamwambia yule bwana labda ana jirani mbaya. Wafula alinisikia. Hakunigombeza. Alivaa koti, tukashuka naye bondeni mpaka kwa yule bwana, akaomba kiti akaketi pale mwenye nyumba anapoketi, akanywa chai, akangoja. Saa kumi jua likapita kwenye tundu la msumari kwenye mabati, likaja kama uzi, likagota moja kwa moja kwenye jicho la televisheni, lile linalopokea rimoti. Wafula akaomba kipande cha sabuni ya mche, akaziba tundu. Televisheni ikasikia.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Mutua, kifaa hakiumwi peke yake. Kinaumwa mahali. Nenda ukakae pale mtu anapokaa." Nilidhani ni mambo ya wazee tu.

Sasa niwaambie habari za Mzee Kamau.

Alikuwa dereva wa malori, mtu wa Murang'a, mwenye sauti ambayo ukiwa ghorofa ya chini ulijua anazungumza nini ghorofa ya tano. Aliishi kwenye jengo la ghorofa hapo nyuma ya kibanda changu na mkewe, Mama Ciru, na binti yao Ciru ambaye ni karani. Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, na ile sauti ikaondoka yote. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa na macho yake na mkono wa kushoto, na kwenye mkono huo kidole gumba ndicho kilichotii vizuri.

Ciru ndiye aliyegundua. Alikuja kibandani mbio kama msichana mdogo.

"Fundi, hutaamini! Nimemuuliza Baba kama ameshiba, akapandisha sauti ya TV. Nikamuuliza kama anataka uji, akaishusha. Nikarudia. Fundi, ananijibu!"

Sauti ikipanda, ndiyo. Ikishuka, hapana. Yule mzee alikuwa amejitafutia ulimi. Tatizo lilikuwa rimoti ya king'amuzi ina vitufe vingi, na kidole kikiteleza kidogo stesheni inabadilika au kitu chote kinazima. Ciru aliniuliza kama naweza kufanya lolote. Nilipanda ghorofa zile tano siku hiyo hiyo, lifti haipo, na magoti yalikuwa yameshaanza maneno. Niliziba vitufe vyote kwa tepu nyeusi nikaacha viwili tu vya sauti, nikavijenga juu kwa vipande vya raba ili avipapase bila kuangalia. Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha, upande wa ukuta, mbali kidogo na kabati la televisheni. Nilimsogeza Mzee, nikaketi pale pale, nikapima. King'amuzi kilisikia. Nikamrudisha kitini nikamwuliza, "Mzee, hapo sawa?" Alibonyeza, na hakuachia. Sauti ikapanda mpaka jirani akagonga ukuta. Mama Ciru alicheka hadi akatoa machozi, na mimi nilishuka ngazi nikijiona daktari.

Kwa miezi kadhaa mambo yakawa hivyo. Mzee Kamau aliulizwa habari za chakula, dawa, madirisha, mahari ya mpwa wake. Alikataa shati la kijani. Mama Ciru aliniambia wamegombana kabisa, mume akishusha sauti na yeye akimfokea. Alisema hayo akiwa na furaha.

Kisha siku moja Ciru alileta rimoti ile ndani ya mfuko wa nailoni. "Imeanza kusumbua. Mimi nikibonyeza inashika, Baba akibonyeza haishiki."

Wewe kijana, ukisikia maneno kama hayo, simama. Ndani yake mlikuwa na jibu lote. Mimi nilifanya nini? Nilinusa, nikafungua, nikaosha raba, nikaweka betri mpya, nikapima kwa kamera, nikajaribu kwenye king'amuzi changu cha kibandani. Ikakubali. Nikamrudishia.

Baada ya siku tatu akarudi. Nikabadilisha taa ya mbele kwa spea niliyokuwa nayo, ingawa ile ya zamani haikuwa na neno. Ikakubali kibandani. Akaenda nayo.

Mara ya tatu alikuja Mama Ciru mwenyewe. Ngazi zote zile, na yeye si kijana. Alisimama mbele ya kibanda ameshika kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja na rimoti kwa mwingine.

"Mutua, nakuomba panda uone. Mimi nikisimama mbele ya TV inafanya kazi. Nikimpa yeye, hakuna. Ananitazama tu. Sijui kama ni yeye ama ni hiki kitu."

Magoti yaliniuma siku hiyo, hilo ni kweli. Lakini hata mgonjwa wa magoti hupanda ngazi akitaka. Kilichonizuia ni kiburi. Nilikuwa nimeshapima mara mbili, na kwa maoni yangu mtu mzima kama mimi hapimi mara ya tatu. Nikatoa rimoti nyingine, zile zinazokubali kifaa chochote. Namna ya kuiseti mnaijua. Shikilia kitufe cha kuseti mpaka taa nyekundu itulie, kisha bonyeza cha kuwasha polepole, mara moja, ngoja, mara moja, ngoja, kifaa kikizima acha hapo hapo. Ninyi mnabonyeza kama mnapiga kinanda, namba inapita mnaanza upya. Mimi niliseti kwa mara moja tu, mbele ya macho yake, nikajisikia fahari. Nikaiziba kwa tepu kama ile ya kwanza. Nikampa, na nikamwambia maneno haya, ambayo ningeweza ningeyarudisha kinywani na kuyameza:

"Mama, hii ni nzima kabisa. Hata hii ikikataa, basi si rimoti tena. Ni Mzee."

Aliifunga kwenye leso akaondoka.

Ilikataa, bila shaka. Ciru aliniambia baadaye, akipita kwenda kazini, kwamba wamemwona daktari wakamweleza, naye akasema huenda kimempiga kiharusi kingine kidogo, kile kisichoonekana, na huenda haelewi tena anachoulizwa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Nilisema hata mimi nilishuku hivyo.

Wakaacha kumuuliza. Hawakuwa watu wabaya, mnielewe. Walimlisha, walimwosha, walimgeuza kitini. Ila shati walimchagulia wao, dirisha walifungua wao, na mambo ya nyumba wakayazungumza mbele yake kama unavyozungumza mbele ya mtoto mchanga. Rimoti ilikaa mkononi mwake mpaka ilipoanza kuanguka anguka, wakaiweka juu ya kabati. Alikaa hivyo tangu masika mpaka baridi ya Julai, akafa.

Nilichokuja kukijua baada ya hapo sijamwambia mtu yeyote. Mama Ciru naye alimfuata mumewe mwaka jana, ndiyo sababu naweza kuandika.

Wiki chache baada ya mazishi nilipanda kumpa pole. Nilipumzika kila ghorofa. Nilimkuta peke yake, akanikaribisha, akaniambia nikae, na kwa kuwa kochi lilikuwa limejaa nguo za kufua nikakaa kwenye kiti cha Mzee karibu na dirisha. Televisheni ilikuwa imewashwa kwa chini chini, wajane wengi hufanya hivyo, nyumba isiwe kimya. Akaniwekea rimoti yangu mezani.

"Chukua hii, Mutua. Itamfaa mwingine." Akaingia jikoni kupika chai.

Mkono wa fundi hautulii. Niliichukua nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, nikainuka, nikapiga hatua mbili hadi mbele ya kabati, nikabonyeza. Sauti ikapanda. Nikarudi kitini. Kimya.

Nikatazama king'amuzi. Kilikuwa kimevikwa kitambaa cheupe cha kufuma, cha maua maua, kizuri sana, kimeshuka mbele kwa upana wa vidole vitatu. Mnavijua vitambaa hivi. Hakuna nyumba ya mama zetu hapa Eastlands isiyo navyo, vinavikwa makochi, meza, redio, hata mtungi wa maji. Ukisimama mbele karibu, mwanga wa rimoti hupenya kwenye vile vitundu vya maua. Ukikaa mbali, na kwa pembeni, unagota kwenye uzi. Nikainuka, nikakiinua kwa kidole kimoja, nikanyoosha mkono wenye rimoti kuelekea kule dirishani, nikabonyeza kutoka upande wa kiti. Sauti ikapanda mara moja, kubwa.

Nilikumbuka kwamba nilipopanda mara ya kwanza kabati halikuwa na kitambaa chochote. Na nilikumbuka Mama Ciru alivyokuwa akikaa na sindano yake ya kufuma miezi yote ile ya kumpeleka Mzee kliniki, kwenye mabenchi, akingoja dawa, akifuma. Akina mama wa kanisa walikuwa waje kumwombea Mzee, na hangeweza kuwapokea nyumba ikiwa uchi. Alikuwa ametandika vitambaa vyake vipya, na tangu siku hiyo mume wake akanyamaza.

Ningepanda. Ningekaa dakika moja tu kwenye kile kiti.

Alitoka jikoni ameshika chupa ya chai. Alikuwa amesikia ile sauti ikipanda. Sijawahi kuona uso kama ule, alitazama kiti kwanza, kisha ndipo akanitazama mimi. Nilishaachia kitambaa kikarudi mahali pake.

"Imefanya nini?" aliuliza.

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Nilimtazama mikono, ile iliyofuma, nikashindwa. Wengine wenu mtasema nilikosea, na huenda mko sahihi. Nikamwambia, "Rimoti ilikuwa mbovu, Mama. Mimi ndiye sikuujua ugonjwa wake. Mzee hakuwa na neno. Lawama ni zangu."

Alikaa kwenye mkono wa kochi, juu ya nguo, chupa ingali mkononi.

"Kwa hivyo alikuwa anabonyeza?"

"Alikuwa anabonyeza, Mama."

"Alikuwa ananisikia?"

"Alikuwa anakusikia."

Nilidhani nimempa faraja. Nilidhani mtu akijua mumewe alikuwa na akili zake mpaka mwisho, moyo utapoa. Akatazama televisheni ambapo watu fulani walikuwa wakicheka kwa sauti kubwa, na wala mimi sikuwa na akili ya kuishusha.

"Nilimuuliza kama anataka nimrudishe nyumbani Murang'a," akasema. "Mwezi wa tano, kabla hatujaacha kumuuliza. Nilipiga magoti hapo mbele yake nikamwambia, baba Ciru, huku mjini umechoka, nikupeleke kwenu ukaone migomba yako, ama tukae hapa karibu na hospitali? Nikamshika mkono wenye rimoti, nikamwambia, pandisha twende, shusha tubaki. Nikangoja sana." Akanigeukia. "Kwa hivyo alinijibu."

"Alikujibu, Mama."

"Alisema nini?"

Nikamwambia sijui. Akaweka chupa chini, akanimiminia chai, nami nikainywa yote ingali moto, kwa sababu sikuweza kuinua macho.